Keki Mbili kwa Mtoto Mmoja

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, duka la vifaa vya keki pale karibu na soko la Kericho huwa halina pa kuweka mguu. Akina mama wanagombania sukari ya unga, watoto wanalilia peremende, na mwenye duka anapaaza sauti kwamba foleni inaanzia mlangoni, si kwenye kaunta. Katikati ya vurugu hiyo alisimama mwanamume mrefu, mikono ya ovaroli yake ya kijani ameifunga kiunoni, pakiti tatu za baluni mkononi. Alizishika kama mtu aliyeachiwa mtoto asiyemjua.

"Dada," alimwambia mwanamke aliyekuwa karibu, "hizi zinatosha watoto ishirini?"

Mwanamke huyo alikuwa Rebeccah Chepkurui, mwokaji wa keki. Siku hiyo alivaa gauni la zambarau, sweta nyeupe na raba zilizokuwa na unga wa ngano kwenye kamba. Alimtazama kutoka juu hadi chini.

"Inategemea. Watoto wako ni wa kucheza na baluni au wa kupasua?"

"Ni wa nyumba za kiwanda cha chai."

"Basi hizo zitaisha kabla ya maombi. Chukua pakiti sita."

Mwanamume akacheka. Alinukia majani ya chai yaliyokauka, ile harufu inayoingia kwenye nguo za watu wa kiwandani na kukataa kutoka. Akasema anaitwa Joab Otiende, ni fundi wa mitambo, na binti yake anafikisha miaka saba.

"Na mama yake amekutuma wewe kwa baluni?" Rebeccah alimtania. "Huyo mama ni jasiri."

"Mama yake alifariki siku aliyomzaa."

Rebeccah alitamani maneno yake yarudi kinywani. Lakini hakuwa mtu wa kuzunguka. "Pole. Nimeuliza vibaya. Keki umeoda wapi?"

"Bado."

"Umeshaoda. Mimi ndiye nitaoka. Nina diploma ya mapishi na ovena mbili, na sijawahi kumpa mtoto keki kavu."

"Sawa, Mpishi. Nataka mbili."

"Mbili? Una watoto wangapi?"

"Mmoja."

"Basi mbili za nini?"

"Zifanane kwa kila kitu," alisema Joab, akiangalia pembeni. "Moja iandike Awino. Ya pili usiiandike jina."

"Keki isiyo na jina mtu anaimbiwaje?"

"Dada, wewe oka tu."

Hapo ndipo matatizo yalipoanzia, maana hakuna neno baya la kumwambia Rebeccah kuliko "wewe fanya tu". Udadisi ulikuwa ugonjwa wake tangu utotoni. Akiwa mdogo kwao Merigi aliwahi kufungua redio ya babake kwa kisu ili amtoe mtangazaji. Alichapwa, na bado aliuliza mtangazaji ametorokea wapi.

Tangu siku hiyo simu yake haikupoa.

"Hallo, Mpishi."

"Fundi, hata jogoo hawajaamka."

"Nilitaka kujua kama njano na nyeupe zinapatana."

"Umenipigia alfajiri kuuliza rangi?"

"Na kusikia kama umelala vizuri."

"Nimelala vizuri. Kata simu, niko na unga wa kukanda."

"Unakanda unga ama unakanda moyo wangu?"

"Joab!"

Alikata simu, akabaki mbele ya ovena akicheka peke yake mpaka keki ya mteja ikaungua pembe.

Alipokwenda kuona mahali pa sherehe, alikuta nyumba ya Joab ni ya mwisho kwenye mstari wa nyumba za mawe. Baada ya ua wake hakuna kingine ila chai, kijani kitupu kilichokatwa sawasawa hadi ukingoni mwa msitu. Mbele ya nyumba palikuwa na nyasi za kutosha kuvutia kamba na kucheza viti vya muziki. Rebeccah alipima uwanja kwa macho, akapanga meza ya keki ukumbini, sufuria za pilau nyuma ya jikoni, na bisi mbali na kuku wa jirani.

"Tuanze saa nane?" Joab aliuliza.

"Saa nne asubuhi. Mvua ya hapa haina haja ya mwaliko, na ikifika saa nane inakula kuliko wageni."

Mtoto mwembamba, mwenye pengo mbele, alitoka ndani akamkagua Rebeccah kwa muda.

"Wewe ndiye Mpishi? Baba anakutaja mpaka chai inapoa."

"Anasema nini?"

"Anasema uko na mdomo."

"Awino!" Joab alimkemea.

"Lakini anasema ni mdomo mzuri," Awino akamalizia, akarudi ndani na mambo yake.

Jioni hiyo Joab alimsindikiza Rebeccah barabarani, wakipita kati ya chai. Jua lilikuwa limelala juu ya majani, na wachumaji walikuwa wakirudi nyumbani na vikapu vitupu mgongoni. Joab alimshika mkono. Kiganja chake kilikuwa kigumu kama gome, lakini kilishika polepole.

"Jaber," alisema. Alishamfundisha kwamba kwa Kijaluo hilo ni mrembo. "Nimekaa miaka saba nikisema nyumba yangu imetosha watu wawili. Siku hizi naiona kubwa."

Moyo wa Rebeccah ulirukaruka. Kinywa chake, hata hivyo, kilikuwa na ratiba yake. "Kabla hujaendelea, niambie. Ile keki ya pili ni ya nani?"

Mkono ukalegea. "Ni ya mtu niliyemwahidi nitanyamaza."

"Mwanamke?"

"Ndiyo."

"Mpenzi wako?"

"Hapana."

"Basi niambie."

"Nikivunja ahadi ya yule, Rebeccah, ya kwako utaiaminije?"

Lilikuwa jibu zuri, na mwanamke mwingine angeshiba nalo. Lakini Rebeccah alikuwa na kidonda chake. Kabla ya Joab kulikuwa na bwana mmoja mtanashati, mwenye suti na maneno laini, ambaye wazee wake walishapanga siku ya kuja kwao kuzungumza mahari. Kumbe bwana ana mke na watoto Siongiroi. Aliyegundua ni shangazi yake Rebeccah, aliyekwenda huko kununua ng'ombe akamkuta bwana arusi mtarajiwa amebeba kitoto mabegani. Tangu hapo Rebeccah aliapa kwamba mwanamume mwenye jambo la kuficha hataingia tena maishani mwake. Na sasa hapa yupo mwingine, ameingia na ovaroli, na jambo lake analificha mchana kweupe.

Ijumaa, siku moja kabla ya sherehe, Joab alifika kwa pikipiki kuchukua ile keki isiyo na jina. Aliifunga vizuri ndani ya boksi, akamgusa Rebeccah shavu lililokuwa na sukari, akasema, "Kesho, Mpishi wangu," akaondoka kwa barabara ya Chepseon.

Rebeccah aliwaambia majirani anakwenda Chepseon kununua mayai. Kusema kweli trei mbili za mayai zilikuwa jikoni.

Siku ya soko Chepseon, viazi na kabichi humwagika mpaka barabarani. Rebeccah alijibanza nyuma ya magunia ya viazi, akamwona Joab akisimama mbele ya kibanda cha mboga. Mwanamke mnene kidogo, mwenye kitambaa chekundu kichwani, alilipokea boksi kwa mikono miwili. Kisha mtoto wa kike akatoka mbio nyuma ya kibanda, amevaa gauni la njano lenye riboni nyeupe mgongoni.

Rebeccah alilijua gauni hilo. Lilifanana kabisa na lile ambalo Awino alimwonyesha siku ya kupima uwanja, likiwa limetundikwa ukutani.

"Baba!" mtoto alipiga kelele, akamrukia Joab shingoni. Joab akamzungusha hewani mpaka viatu vikamtoka.

Rebeccah alitoa simu.

"Uko wapi, Joab?"

Ng'ambo ya barabara, Joab alimweka mtoto chini, akasogea kando. "Niko Chepseon. Wewe je?"

"Nyumbani."

"Uko nyuma ya magunia ya viazi. Naona sweta yako."

Hakuna aliyecheka.

"Mtoto mmoja, uliniambia," Rebeccah alisema. "Mmoja! Huyo anayekuita baba ni baluni?"

"Si vile unavyofikiri."

"Basi vuka barabara uniambie nifikirie vipi."

Joab alimtazama mwanamke wa kibandani. Mwanamke akatikisa kichwa, haraka, kwa hofu. Rebeccah aliyaona yote hayo.

"Siwezi," Joab alisema. "Naomba uniamini kwa jambo hili moja."

"Nilishaamini mmoja. Alikuwa na suti."

"Mimi si yeye! Nimekujibu kila swali uliloniuliza, hata lile la kama nakoroma. Hili ni la mtu mwingine. Kama hili moja linakushinda, sisi wawili tutaishije?"

"Hatutaishi. Keki ya Awino nitaleta kwa sababu mtoto hana makosa. Nikishaiweka mezani, usinipigie tena simu."

Rebeccah akakata simu. Zamu ya Joab ilikuwa inaanza kiwandani. Akapanda pikipiki, akaenda bila kugeuka.

Mwanamke mwenye akili zake angerudi nyumbani akalie. Rebeccah alivuka barabara akauliza bei ya nyanya.

Mwenye kibanda, ambaye jina lake lilikuwa Rodah, alimhudumia akiwa hainui macho. Pembeni yake, juu ya kigoda, alikaa bibi mmoja mwenye shali na gambuti, aliyeonekana ndiyo kwanza amefika, fimbo magotini. Alikuwa akilitazama lile boksi.

"Keki nzuri," Rebeccah alisema. "Ni ya nani?"

"Ni ya mtoto wangu, Chepyegon," Rodah alijibu. "Nimenunua mjini."

"Duka gani?"

Rodah akajifanya kupanga nyanya. Bibi akakohoa.

"Uliza tena, msichana," bibi alisema. "Na mimi ninataka kujua. Mke wa mwanangu hana ovena, hapendi sukari, na kila mwaka tarehe kama ya kesho ikikaribia, keki inatokea kibandani kama uyoga."

"Kogo, tafadhali," Rodah alimsihi mama mkwe wake. Kogo kwa lugha yao ni bibi, na eneo zima lilimwita hivyo.

"Keki hiyo nimeioka mimi," Rebeccah alisema wazi. "Ameioda mwanamume ninayempenda. Anasema aliahidi kunyamaza. Mama Chepyegon, sikujui na sina ugomvi na wewe. Lakini kama huyu mtoto ni wake, niambie niende zangu."

Rodah alikaa juu ya gunia. Machozi yalianza kumtoka kabla ya maneno.

"Si wake. Chepyegon ni wa mume wangu, Johana. Kitanda cha pili hospitalini kulikuwa na mwanamke wa Kijaluo. Tulizaa usiku mmoja. Yeye hakuamka. Mtoto wake alilia mpaka akakosa sauti, chupa aliikataa, na yule baba alikuwa amekaa kwenye ngazi kama amepigwa na radi. Maziwa yangu yalikuwa yanatoka. Ningefanya nini? Nilimchukua nikamnyonyesha. Wote wawili, mmoja huku, mmoja huku, mpaka tukatoka wodini. Halafu dada ya yule baba akaja, mtoto akakubali chupa."

"Sasa hilo ni la kufichwa?" Rebeccah alishangaa.

Rodah alimtupia mama mkwe jicho la woga. "Nilikuwa nimepoteza wawili kabla ya Chepyegon. Kogo aliniambia hata tone la maziwa lisipotee, mtoto huyu ashibe. Niliogopa. Nilimwambia Joab akitaka kunishukuru, anyamaze. Lakini keki na gauni za kila mwaka alikataa kuacha, mpaka Chepyegon akazoea kumwita baba. Alisema watoto walianza sahani moja."

Kogo aliipigapiga fimbo yake chini.

"Rodah," alisema, "ule uji wa wimbi niliokuwa nakuletea hospitalini. Ulikuwa mara ngapi kwa siku?"

"Mara nyingi, Kogo. Ulikuwa unanilazimisha mpaka natapika."

"Unafikiri ulikuwa wa mtoto mmoja?"

Rodah aliinua uso, akamtazama.

"Siku ya pili nilifika mapema," Kogo aliendelea. "Nikachungulia mlangoni. Mtoto wetu amelala ameshiba, na kwenye titi yuko mwingine, mweusi, mzuri, anavuta kama ndama. Nikatoka. Nikakaa kwenye benchi na chupa yangu ya uji mpaka amalize. Kisha nikarudi nyumbani nikasaga wimbi mwingine."

"Na hukuniambia!"

"Wewe ndiye hukuniambia. Nilisema, huyu msichana ana siri yake nzuri, acha aitunze mpaka atakaponiamini. Nimengoja mpaka magoti yameharibika."

Rodah aliangua kilio, akaanguka kwenye mapaja ya mama mkwe, na Kogo akawa anampapasa kile kitambaa chekundu huku akimwambia asimlowanishe shali. Rebeccah alisimama na nyanya zake, akiwa na aibu mpaka kwenye kucha. Bibi huyu alijua kila kitu, akangoja miaka saba. Yeye hakuweza kungoja mpaka Jumamosi.

Alimpigia Joab simu. Imezimwa. Akapiga tena barabarani, akapiga tena nyumbani. Imezimwa.

Asubuhi jua lilitoka safi. Nyumba za kiwanda zilikuwa zimejaa baluni za njano na nyeupe, nusu yake zimeshapasuka. Joab alikuwa akipanga viti, shati jeupe limepigwa pasi vibaya, uso kama wa mtu aliyelala kwenye mashine. Pikapu ya kukodi iliposimama na Rebeccah akashuka amebeba keki, alimwamkia kwa heshima kama mteja.

"Asante kwa kuileta. Weka tu mezani."

"Nimekuja na wageni."

Nyuma yake alishuka Rodah. Kisha Chepyegon na gauni lake la njano. Mwisho akashuka Kogo, gambuti kwanza, akisaidiwa na fimbo. Kiti kilimponyoka Joab.

"Umewaambia nini?" alimnong'oneza Rebeccah.

"Mimi? Nimenunua nyanya tu."

Kogo alimfikia Joab akamshika kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga. "Ni wewe. Ulikuwa unalia kwenye ngazi za wodi, nikakupita na uji wangu. Nilijuta siku hiyo kwamba sikukupa kikombe."

Joab, fundi wa mitambo anayeinua injini kwa bega, aliinamisha kichwa mbele ya bibi yule.

Awino naye alikuwa ametoka ukumbini. Wasichana wawili walisimama wakitazamana, riboni kwa riboni, pengo kwa pengo.

"Umevaa gauni langu," Awino alisema.

"Ni langu. Nimenunuliwa na baba."

"Baba gani?"

"Yule."

"Huyo ni wangu!"

Watu wazima wote walisogea kuwatenganisha. Kogo peke yake hakuwa na haraka. "Nyinyi mmenyonya titi moja," aliwaambia. "Alikuwa akimaliza huyu, anaingia huyu. Kwa hiyo mtagombana maisha yenu yote kama ndugu. Lakini keki kwanza."

Awino alifikiria jambo hilo kwa uzito. Kisha akamshika mwenzake mkono akampeleka kumwonyesha mahali bisi zilipofichwa.

Ilikuwa sherehe ya kelele. Walivuta kamba, walikosana kwenye viti vya muziki, wakawamwagia wasichana wote wawili maji baridi ya birika, kama desturi ya siku ya kuzaliwa, mpaka riboni zikalala. Ulipofika wakati wa kulishana keki, Awino alikata kipande kikubwa, akampita babake, akampita shangazi yake, akaenda kumlisha Rodah. Hakuna aliyemtuma. Rodah alikula akilia, sukari na machozi pamoja, na akina mama wa mstari wote wakapiga vigelegele.

Rebeccah alikuwa nyuma ya jikoni akisugua sufuria ya pilau kwa nguvu isiyohitajika. Joab alikuja akasimama mlangoni.

"Mpishi."

"Nilikufuata Chepseon," Rebeccah alisema bila kugeuka. "Sikuwa nataka mayai. Nilikushtaki, nikakuhukumu, na ushahidi wote ulikuwa gauni. Nisamehe, Joab."

"Mimi nilizima simu kwa hasira. Kama ningeiwasha ningelala."

"Ungenijibu nini?"

"Ningesema hallo, Mpishi."

Alicheka, akageuka, na Joab akamfuta masizi kwenye kipaji kwa kona ya shati lake jeupe. Hawakusogea mbali baada ya hapo.

"Kuna kitu kingine unanificha?" Rebeccah aliuliza. "Niambie leo, nikiwa na sufuria mkononi."

"Kimoja."

Sufuria ikasimama.

"Jumatano nilimpigia mjomba wangu simu," Joab alisema. "Nilimwambia ajiandae na wazee wawili. Nimepata msichana wa Merigi, ana maswali mengi, nataka twende kwao tukayajibu."

"Jumatano! Na mimi hukuniambia?"

"Nitakuambia wapi? Jumatano yote ulikuwa unaniuliza kuhusu keki." Alimshika mikono yote miwili, povu na yote. "Rebeccah, utakubali tuje?"

Rebeccah alijitoa mkono mmoja, akaufuta kwenye aproni, akatafuta simu mfukoni. Kwao Merigi simu iliita muda mrefu kabla ya mama yake kupokea.

"Mama, kuna wageni wanataka kuja nyumbani."

"Wageni wa nini? Wa kanisa?"

"Wa kuzungumza. Wanatoka upande wa ziwa."

Kuku walisikika upande wa pili. "Wanakunywa mursik hao, haya maziwa yetu ya kibuyu?"

"Watajifunza, Mama."

"Na huyo mwanamume mwenyewe unamjua vizuri? Maana yule wa Siongiroi pia ulisema unamjua."

Rebeccah alichungulia nje. Joab alikuwa ameshavutwa na gauni mbili za njano zilizolowa, moja kila mkono, zikigombania nani atazungushwa hewani kwanza.

"Ninamjua," alisema. "Nisichokijua nitamuuliza."

"Na asipokujibu?"

"Nitangoja, Mama."

Upande wa pili wa simu mama yake alicheka kwa sauti, kwa sababu alikuwa amemlea yeye mwenyewe. Kisha akauliza wazee hao ni wangapi, achinje kuku wangapi.